Sita Mkato Mbili

Ukimuuliza Ablavi Ahiakpor anafanya kazi gani, atakwambia anaandika kilo za watoto wa watu. Hatakwambia kwamba ni karani wa takwimu, ingawa kadi aliyoivaa shingoni miaka yote ile ilisema hivyo. Kulieleza jambo hilo kwa Kiewe, lugha ya kwao, kunataka sentensi ndefu, na Ablavi hana subira na sentensi ndefu.

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kunadia bidhaa. Sauti hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyeuza abolo, mikate laini ya mahindi, na dagaa wa kukaanga karibu na geti la mpaka, upande wa Aflao, Ghana. Baba yake alikuwa fundi cherehani upande wa pili, Togo, mjini Lomé, katika mtaa wa Kodjoviakopé, ambao umeuegemea mpaka kiasi kwamba jogoo akiwika Lomé anaamsha watu wa Aflao. Kati ya cherehani ya baba na meza ya mama palikuwa na geti, askari wenye kisirani, na wabadilisha fedha waliokaa kwenye viti vyao kutwa nzima. Ablavi alipita hapo tangu akiwa mgongoni. Kwake haukuwa mpaka hata kidogo, ilikuwa barabara yenye kelele tu.

Shule aliianzia kwa baba. Baba alipofariki, mama akamvusha na kumwandikisha Aflao, darasa la nne. Siku ya kwanza ya hesabu akaitwa ubaoni aandike mbili na nusu. Akaandika mbili, akaweka mkato, kama shule za Kifaransa zinavyofundisha, akaandika tano, kwa mwandiko mzuri wa Lomé wenye madaha. Mwalimu, mzee wa Keta mwenye pua nyeusi kwa ugoro, akaja akasimama nyuma yake.

"Hiki kidudu hapa katikati ni nini?"

"Mkato, mwalimu."

"Unamkata nani?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Sikiliza wewe mtoto wa Lomé. Hapa kwetu mkato ni wa kupumzikia kwenye maneno. Namba haichoki, haina haja ya kupumzika. Namba tunaipiga nukta. Haya, lete mkono."

Akachapwa rula, na machozi yakamtoka mbele ya watoto asiowajua majina. Tangu siku hiyo hakuandika mkato tena ndani ya namba, ila likizo zikifika na akienda kwa shangazi zake Lomé, binamu zake walimcheka kwa hiyo nukta yake na kumwita Mwingereza wa dagaa. Basi akajifunza. Akipita geti anaacha mkato nyuma na kuokota nukta mbele, kama mtu anayevua ndala mlangoni, na wakati wa kurudi anafanya kinyume chake. Mwisho ikafika mahali hajui tena kwamba anabadilisha. Macho yanaona mkato, mkono unaandika nukta, na kichwa hakiulizwi chochote. Hilo naomba ulishike, maana ndilo lililokuja kumtia mashakani.

Alipokuwa mtu mzima akapata kazi kwenye mradi wa kupima watoto. Ulikuwa chini ya zahanati ndogo ya misheni, Aflao, lakini ulipima watoto wa pande zote mbili, kwa sababu mama wa mpakani huwezi kumfunga nchi moja: asubuhi anauza nyanya Ghana, jioni anapikia Togo. Kila wiki watoto walipimwa Aflao kwa mzani wa zahanati, na Lomé kwa mzani ulioning'inizwa kwenye mti wa ua wa kanisa. Aliyepima Lomé alikuwa kijana mmoja mcheshi aitwaye Dosseh. Jina hilo kwetu hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na Dosseh alipenda kusema kwamba alikuja duniani kuangalia kama waliomtangulia wamemwachia chakula.

Karatasi za Dosseh zilivushwa na kina mama wa sokoni, zikafika kwa Ablavi zikinuka samaki. Yeye alikaa mbele ya kompyuta na kuziandika moja moja kwenye lahajedwali: jina, umri, kilo. Mtoto akiwa chini ya kilo za umri wake, kisanduku chake kilijigeuza chekundu chenyewe. Chekundu maana yake mtoto huyo apewe pakiti za siagi ya karanga iliyotiwa maziwa na sukari, kila wiki, mpaka kisanduku kiwe cheupe. Ndiyo ilikuwa sheria yote. Hata bibi asiyejua kusoma aliielewa.

Halafu zikaja simu.

Bwana Lartey, msimamizi wa mradi, alizileta kutoka Accra ndani ya sanduku, akiwa amevaa shati la mikono mirefu katika joto lile. Dosseh akapewa simu yake, iliyopangwa kwa Kifaransa, naye akawa anagusa tu kioo na faili linamfikia Ablavi kabla hata mtoto hajavalishwa nguo. Hakuna karatasi tena, hakuna kuandika upya. Alichobakiwa nacho Ablavi ni kulifungua lile faili na kulimwaga ndani ya lahajedwali lake. Akafurahi kupita kiasi, na kwa haki. Mgongo ulikuwa unamuuma miaka mingi.

Na jambo la ajabu likatokea. Watoto wa Lomé wakanenepa.

Yaani wiki ile ile. Safu za Lomé zilizokuwa na madoa mekundu huku na huku zikawa nyeupe kama shuka la hospitali. Mara moja moja alitokea mtoto mmoja mwekundu, na huyo mmoja ndiye aliyewatuliza wote, kwa kuwa alionyesha kwamba mashine haijalala. Bwana Lartey akapiga picha na Dosseh. Dosseh naye kichwa kikavimba.

"Dada Ablavi," alimwambia kwenye simu, "sisi huku watoto wetu wanakula mkate na siagi. Nyinyi endeleeni na madonge yenu ya kenkey."

"Siagi ipi? Nyie si mnakula wali na maharage mkimtazama samaki wa jirani?"

"Hata kama tunamtazama tu, kompyuta yako imesema!"

Na Ablavi akacheka, kwa sababu kweli kompyuta yake ilikuwa imesema.

Kina mama wa Aflao ndio walioumia. Bwana Lartey aliwakusanya kwenye benchi la zahanati akawahutubia kuhusu usafi na mboga za majani, akamaliza kwa kusema waige wenzao wa Lomé. Pale nyuma mwanamke mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Yayra, msusi, mwembamba, vidole vyeusi kwa nywele za bandia.

"Mimi nina mtoto mmoja hapa na mmoja Lomé," akasema. "Sasa nimwige nani, nijiige mwenyewe?"

Benchi zima likacheka. Bwana Lartey akasafisha koo na kufunga mkutano.

Yayra alikuwa na mapacha wa kiume, Atsu na Etse. Maziwa hayakuwatosha wote wawili, na mume alikuwa amekwenda Côte d'Ivoire kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Kwa hiyo Atsu alibaki naye Aflao, akapimwa kwa mzani wa zahanati, na Etse alilelewa na bibi yake Lomé, akapimwa na Dosseh. Jumapili wote walikutana kwa bibi, wakavalishwa shati sare, wakalishwa kwa sahani moja. Kwetu pacha hawapendelewi. Ukimnunulia mmoja pipi, umewanunulia wawili. Hata ukimchapa mmoja, unamgusa mwenzake kidogo asijione mpweke.

Walipofikisha miezi kumi, kisanduku cha Atsu kilikuwa chekundu. Cha Etse kilikuwa cheupe. Atsu akaanza kupewa pakiti.

Wiki zikapita, Atsu hapandi. Hakukonda zaidi, lakini kilo zilikuwa pale pale, zimeganda. Watoto wengine waliokula pakiti zile walitoka mashavu, yeye hapana. Nesi akampima malaria, hana. Akampima minyoo, hana. Akamwambia Ablavi, ambaye aliwajua kina mama wote kwa majina na kwa madeni, azungumze na mzazi.

Yayra hakuficha. Hakuona cha kuficha.

"Nusu anakula Atsu, nusu napeleka kwa ndugu yake."

"Nusu unapeleka wapi?"

"Lomé. Kwa Etse."

Ablavi alisimama kabisa. "Yayra, una akili sawasawa? Ile ni dawa! Anapewa mgonjwa, hapewi mwenye afya. Etse hana shida!"

"Nani kasema hana shida?"

"Kompyuta imesema."

"Hiyo kompyuta imezaa pacha wangapi?"

"Usinijibu hivyo, tafadhali."

"Nakujibu vizuri, dada. Mimi nawabeba wote wawili mikononi kila Jumapili. Yule wa Lomé ni mwepesi. Namsikia."

"Unamsikia kwa mkono! Sisi tuna mzani!" Ablavi sasa alikuwa amepandisha ile sauti ya mama yake, na watu walikuwa wamegeuka. "Unajua sheria. Mzazi anayegawa pakiti anafutwa. Wiki ijayo Atsu asipopanda, namfuta mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Usije ukasema sikukwambia."

Yayra alimfunga mtoto mgongoni, akaikaza kanga mara mbili, akatoka bila kuaga. Ablavi akakaa. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa hasira, na hasira ile ilikuwa ya mtu mwenye uhakika, ambayo ni tamu kweli. Alimwona Yayra kuwa mshamba anayemwua mtoto mgonjwa kwa ajili ya mila.

Siku ya kupima ilipofika tena, Yayra akaja amebeba wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Alikuwa amemfuata Etse Lomé alfajiri, akapita naye getini. Hakukaa kwenye foleni. Alikwenda moja kwa moja mpaka meza ya Ablavi.

"Nipimie wote hapa hapa, mbele ya macho yangu. Halafu hiyo mashine yako iniambie mimi, siyo ikwambie wewe."

Ablavi hakuwa amemwona Etse tangu azaliwe. Alimtazama sasa, akaacha kuandika, kwa sababu mtoto huyu mwenye afya, huyu wa kisanduku cheupe, alikuwa na macho makubwa mno kwa uso wake, na ngozi ya mapaja ilikuwa imejikunja kama soksi iliyolegea. Lakini akajiambia ni pacha, pacha huzaliwa wadogo.

Nesi akampima Atsu. Sita nukta tisa. Akamweka Etse kwenye mzani, na mtoto hata hakulia.

"Sita nukta mbili."

"Rudia," Ablavi akasema.

Nesi akamwinua, akamrudisha. "Sita nukta mbili, dada. Unataka niimbe?"

Ablavi akafungua ukurasa wa Lomé, akamtafuta Etse. Chini ya kilo za wiki iliyopita akaandika mwenyewe, kwa vidole vyake: sita, nukta, mbili. Akabonyeza. Kisanduku kikawa chekundu kama pilipili.

Basi amepungua, akawaza. Amepungua wiki hii. Akapandisha macho kwenye kisanduku cha juu yake, kile cheupe cha wiki iliyopita, aone alikuwa na kilo ngapi.

Sita mkato mbili.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa. Namba ile ile. Uzito ule ule, mtoto yule yule, kisanduku kimoja cheupe na kingine chekundu. Akafuta ya chini, akaiandika upya. Nyekundu. Hapo ndipo akaona jambo la pili ambalo lilikuwa mbele yake muda wote: ile aliyoiandika yeye ilikuwa imeegemea ukuta wa kulia wa kisanduku, ile ya Dosseh imeegemea wa kushoto. Akateremsha ukurasa. Karibu watoto wote wa Lomé walikuwa wameegemea kushoto, mstari baada ya mstari, tangu simu zilipokuja. Namba hukaa kulia. Maneno ndiyo hukaa kushoto. Jambo hilo alifundishwa siku yake ya kwanza kazini.

"Mawu wangu," akasema. Mungu wangu.

Kompyuta yake ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza cha Ghana, inayojua nukta tu ndani ya namba. Ilipoletewa sita mkato mbili haikuona namba, iliona neno, kama vile ungeiandikia "kitunguu". Na ukiipa kompyuta ile neno na namba na kuiuliza kipi kikubwa, siku zote itasema neno ni kubwa, kubwa kuliko namba yoyote iliyopo. Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kwa mkato hawezi kuwa mwembamba. Angeshuka mpaka kilo mbili, mashine ingemwona jitu. Na wale wachache waliokuwa wakitokea wekundu, wale waliomtuliza kila mtu? Ni watoto waliokuwa na kilo kamili, sita au saba bila kipande. Hawakuwa na mkato wa kuwaficha.

Mtu wa Accra angeshtuka siku ya kwanza. Angeuliza, huu mkato ndani ya namba ni wa nini, kama mwalimu wa Keta. Bwana Lartey mwenyewe angeuona, ila Bwana Lartey hakusoma namba, alitazama rangi. Mtu wa Lomé naye angeshtushwa na nukta. Ni mtu wa getini tu, mtu wa kwa baba na kwa mama, ambaye angeweza kuutazama ukurasa ule miezi yote hiyo na kusoma sita mkato mbili na sita nukta mbili kama kitu kimoja, kwa sababu kwake vilikuwa kitu kimoja tangu alipochapwa rula. Zamani mkono wake ndio uliobadilisha. Simu zilipokuja, mkono ukapumzika, na macho hayakumwambia.

Yayra alikuwa bado amesimama, Etse begani.

"Inasemaje?"

Ablavi angeweza kusema mashine imeharibika. Watu husema hivyo kila siku, na hakuna anayebisha.

"Inasema ulikuwa sawa," akasema. "Inasema huyu ndiye mgonjwa kuliko mwenzake. Amekuwa mgonjwa siku zote. Mimi ndiye sikumwona."

Yayra akamkaza Etse begani. Kisha akasema taratibu, "Uliniambia nisigawe."

"Nilikwambia."

"Ningekusikiliza..."

"Usimalizie. Nakuomba usimalizie."

Yayra akamalizia vilevile, maana alikuwa na haki hiyo. Alisema kwamba angemsikiliza dada mkubwa mwenye kadi shingoni, mtoto huyu angekuwa chini ya mchanga wa Kodjoviakopé. Alisema mbele ya benchi zima, na Ablavi alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha akafanya kazi yake. Akaiambia kompyuta ikamate kila mkato wa kwenye kilo za Lomé iweke nukta. Ilichukua kufumba na kufumbua. Ukurasa ukaanza kuwa mwekundu kuanzia juu, ukaendelea, akateremsha, bado ukaendelea. Akampigia Dosseh.

"Dosseh, watoto wenu wana njaa."

"Mmeanza. Wivu huo, dada."

"Sikutanii. Wana njaa tangu simu zilipokuja. Mkato wako haukusomeka."

Ablavi alisikia watoto wakilia nyuma ya Dosseh, kwenye ule ua wa kanisa.

"Lakini mimi niliandika sawasawa," Dosseh akasema mwisho.

"Uliandika sawasawa. Na mimi nilisoma sawasawa. Ndiyo balaa lenyewe."

"Niliwaona, dada." Utani wote ulikuwa umemtoka. "Kuna wengine niliwaona wamekonda. Nikasema labda macho yangu, maana mngeniambia."

Mchana huo huo walijaza maboksi ya pakiti kwenye mkokoteni, na Ablavi mwenyewe akausindikiza. Askari wa getini upande wa Ghana akataka kujua ni bidhaa gani hiyo. Ablavi, ambaye kwa miaka yote alimpita askari yule kwa utani, alimwambia tu, "Chakula cha watoto, kaka, na kimechelewa." Askari akamtazama usoni, akafungua.

Walizunguka Kodjoviakopé nyumba kwa nyumba, Dosseh akisoma majina. Kina mama walishangaa, wakapokea, wakashukuru, na shukrani zile zilimchoma Ablavi kuliko matusi. Kwenye nyumba ya mtoto mmoja aitwaye Essivi, mama alikuwa uani akianua nguo. Alisikiliza maelezo yote. Kisha akaingia ndani, akatoka na kadi ya kijani ya mradi, akampa Ablavi.

"Nilikuja kwa huyu kaka mara mbili nikamwambia mtoto hataki kula. Akasema kwenu yuko sawa. Tumeshamzika. Chukueni kadi yenu."

Dosseh alilia pale pale uani, mwanaume mzima. Ablavi hakulia. Alisema, "Samahani, mama," na neno lilikuwa dogo kiasi kwamba alilionea haya likiwa bado mdomoni. Essivi hakuwa na pacha Aflao wa kumgawia nusu.

Bwana Lartey aliandika ripoti. Ndani yake jambo zima liliitwa hitilafu ndogo ya mpangilio, imesharekebishwa. Ablavi alipewa asaini, akasoma lile neno "ndogo", akachukua kalamu, akalipiga mstari. Bwana Lartey akasema hawezi kupeleka ripoti iliyochafuliwa. Ablavi akamwambia basi aipeleke bila saini yake, na akampa vidonge vyake vingine ambavyo havifai kuandikwa hapa. Ajabu ni kwamba hawakumfukuza. Nadhani hawakumpata mwingine aliyejua majina ya watoto wote.

Alibaki kazini mpaka nywele zikawa nyeupe. Faili la Lomé likifika, kompyuta ilikwishafundishwa la kufanya, lakini yeye alilisoma mstari kwa mstari kwa sauti, midomo ikicheza: sita mkato mbili, saba mkato moja. Wasichana wapya wa ofisini walimwita Bibi Mkato. Hakuwaeleza. Jina lilikuwa lake, alilipata kwa haki.

Etse alipona, polepole, na Atsu naye, maana Yayra aliendelea kugawa. Alipewa pakiti za wawili, alizichanganya kwenye beseni moja na kuzigawa upya sawa kwa sawa, mbele ya macho ya Ablavi, akimtazama aone kama atasema neno. Ablavi alimshikia beseni.

Juzi juzi alikuwa amekaa pale ilipokuwa meza ya mama yake, anakula abolo, mara Yayra akapita na vijana wawili wenye miguu mirefu na mashati sare, wakibishana kuhusu mpira. Yayra akasimama. Akawasogeza mbele wote wawili, akamgusa mmoja bega.

"Atsu, msalimie bibi aliyekupima."

Kijana akasalimia kwa adabu. Kisha akamgusa wa pili.

"Na wewe Etse, msalimie. Huyu ndiye aliyekuwa hakuoni."

Etse akacheka, akidhani ni utani, akainama akampa mkono. Ablavi akaushika kwa mikono miwili, akaupima, akachelewa kuuachia.